Msitupe asilimia peke yake, tupeni na shilingi za kila daraja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Muheza, mkoani Tanga, na mwaka huu wa 2025 nimetimiza miaka 10 kazini. Nimeshika kalamu kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuja nyumbani kwangu Jumapili ya kwanza ya mwezi huu wa Juni, na kwa sababu ya karatasi aliyokuja nayo.

Kijana huyo nilimfundisha kidato cha nne mwaka 2015, mwaka wangu wa kwanza darasani. Akamaliza chuo kikuu 2021, kisha akakaa mtaani karibu miaka minne akingoja ajira. Asubuhi alikuwa anajitolea kufundisha shule ya kata kwa posho ya kuchangiwa na wazazi, jioni anaendesha bodaboda ya mtu kupanda na kushuka njia ya Amani, na kila siku lazima apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe. Januari akaitwa kwenye usaili, akapita. Mwezi wa tano akapokea mshahara wake wa kwanza wa serikali. Kwa hiyo alipobisha hodi Jumapili ile, amevaa shati lililopigwa pasi, mkononi ana sukari kilo mbili na doti ya khanga, akasema "Shikamoo Madam," mimi nilishindwa hata kumwitikia vizuri. Machozi yalinitoka.

Tulipokwisha kunywa chai akafungua begi, akatoa fomu ya mkopo ya benki, na pamoja nayo karatasi ya mistari aliyoikunja mara nne. Akaniambia: "Madam, naomba unikagulie hesabu kama zamani."

Nilizikagua. Kuzidisha hakukosea hata mahali pamoja. Alikuwa ameandika mshahara wake, 771,000, ambao ndio mwanzo wa daraja D la walimu, TGTS D kama tunavyoliita. Chini yake ameandika "nyongeza ya Julai 35.1%", na jumla yake 1,041,621. Mbele akaweka 2028, daraja E. Halafu 2031, daraja F. Kila mstari amekadiria na asilimia za kuongeza huko mbele. Kufika chini ya karatasi ni mwaka 2034 na mshahara ambao sijapata kumwona mwalimu wa hapa kwetu akiupokea.

Nikamuuliza hiyo 35.1 ameitoa wapi. Akanijibu, "Si ilitangazwa, Madam? Iko kwenye magazeti yote."

Hapo ndipo barua hii inapokuhusu wewe, Mhariri, na wenzako wa redio na televisheni. Siku ya Mei Mosi, pale uwanja wa Bombadia mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ongezeko la 130,000 juu ya 370,000 ndiyo hiyo asilimia 35.1. Ni ya kima cha chini. Ngazi nyingine zilitajwa kuwa nazo zitapanda kadiri bajeti itakavyoruhusu, na hiyo "kadiri" ndiyo yenye mshahara wa mwalimu, wa muuguzi, wa afisa kilimo na wa mtendaji wa kata. Lakini vichwa vya habari nilivyoviona mimi vingi vilisomeka kwa kifupi tu: mishahara yapanda kwa asilimia 35.1. Jioni ile simu yangu ililia mara nne, ndugu wananipongeza. Mmoja alipiga kupongeza na kukopa kwa pamoja.

Mwaka 2022 tulikwisha kupita njia hii hii. Mei ya mwaka ule ilitangazwa asilimia 23.3. Mimi nilikuwa daraja E, mshahara 940,000. Ofisini kwetu kulikuwa na karamu ya vikokotozi. Kila mmoja anabonyeza simu, anazidisha, anaonyesha jirani. Yangu ilitoka nyongeza ya 219,020. Nilikwishaigawa: ada ya mdogo wangu chuoni, bati ishirini, na kitanda cha mama. Slipu ya Julai ilipofunguka mshahara ulisomeka 990,000. Nyongeza shilingi 50,000, yaani asilimia 5.3, na hiyo ni kabla ya makato. Asilimia 23.3 kumbe ilikuwa ya kutoka 300,000 kwenda 370,000, ya kima cha chini vilevile. Serikali haikusema uongo, naomba nieleweke. Wa chini kabisa ndiye aliyestahili kupandishwa zaidi, hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ila sisi wa kati hatukuwa tumeambiwa namba yetu mpaka ilipotokea kwenye slipu, na kwa miezi miwili kila mtu alikuwa amejipa namba yake mwenyewe na kuanza kuitumia.

Turudi kwa kijana wangu. Nilimwambia tuache Julai kwanza, tuanze na Juni. Kwenye 771,000 mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 5, ambayo ni 38,550. Bima ya afya asilimia 3, 23,130. Chama cha walimu asilimia 2, 15,420. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu asilimia 15, 115,650. Kodi 62,490. Zinabaki 515,760. Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau moja ya tatu ya mshahara, kwake ni 257,000. Mkopo aliouomba ulikuwa umepimwa ukalala juu ya mstari huo kabisa: makato ya 250,000 kila mwezi kwa miezi 84. Angepokea milioni 13 mkononi na kurejesha milioni 21. Angebakiwa na 265,760 kwa mwezi, na hapo ana chumba cha kupanga, nauli, na mama yake pale Bwembwera anayemtazama yeye.

"Ni mwaka mmoja wa kubana, Madam," akaniambia. "Mbele mshahara unapanda, makato yanabaki palepale." Kumbe maneno hayo alipewa na yule aliyemjazisha fomu. Akamwongezea kwamba daraja likipanda atakuja aongeze mkopo juu ya mkopo.

Sikumjibu. Niliingia chumbani nikatoa kaunta buku langu.

Ni kaunta buku la kwaya tatu, jalada jekundu, limelowa mafuta ya taa pembeni. Oktoba 2015, nikiwa na umri wa miaka 27, nilichora humo jedwali kwa rula, safu sita: mwaka, daraja, mshahara, makato, akiba, kitu cha kufanya. Julai ya mwaka ule mshahara wangu ulikuwa umesomeka 716,000 na kwangu dunia ilikuwa imenyooka. Muundo wa utumishi tuliusoma sote: miaka mitatu ya kazi nzuri, unapanda. Nikaandika 2018 daraja E, 940,000, "kiwanja". 2021 daraja F, 1,235,000, "nyumba hadi bati". 2024 daraja G, 1,600,000, "shamba la michungwa eka tatu". 2027 daraja H. Baba yangu, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu 2009, aliliona jedwali lile akafurahi sana. Alizoea kusema mshahara wa mwalimu ni kupanda mnazi, pole pole, lakini kila pembe umekatiwa pa kukanyaga.

Mwaka 2016 serikali ikasimamisha kupandisha vyeo na nyongeza za mwaka ili kuhakiki watumishi. Uhakiki ulikuwa na sababu. Aprili 2017 walitajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na mimi sina la kuwatetea. Lakini sisi wengine wenye vyeti vyetu halali tuliganda pamoja nao. Mwenzangu wa meza ya pili ofisini, aliyeajiriwa 2012, alikwishapokea barua ya kupanda daraja mwaka huo wa 2016. Barua ina muhuri, ina sahihi, ina mshahara mpya. Mshahara haukubadilika, na baada ya miezi michache akaambiwa barua zile zimesitishwa. Anayo mpaka leo kwenye faili la plastiki. Hakuitupa, na hataki kuizungumzia.

Mimi nilikuwa nimeambiwa ni suala la miezi miwili. Nikaamini. Mapema 2017 nikakopa kwa ajili ya kiwanja, nikijua 2018 daraja E linakuja, 224,000 zaidi kila mwezi, litanibeba. Mwaka huohuo makato ya Bodi ya Mikopo yakatoka asilimia 8 yakawa 15. Kwenye mshahara wangu hiyo ni kutoka 57,280 hadi 107,400. Kwa hiyo pale nilipotegemea kuongezewa, nikapunguziwa shilingi 50,120 kwa mwezi, na deni la kiwanja liko palepale.

Nitasema jambo ambalo wenzangu wengi wanalijua kwa vitendo lakini haliandikwi. Mwezi Novemba 2018 nilikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, hawa ambao sasa kila mtu anawaita kausha damu. Nilihitaji 300,000. Aliniomba kadi yangu ya benki na namba ya siri. Akafungua droo ya meza, akatoa bahasha ya kaki, ndani yake kadi zimefungwa na mpira, kifurushi kinene kama karata. Akaichomeka yangu katikati. Niliyaona majina mawili kabla hajaifunga bahasha, na yote mawili nilikuwa nikikaa nayo ofisi moja. Kwa miezi minane kila tarehe ya mshahara nilikuwa nasimama nyuma yake kwenye mashine ya benki, anatoa chake kwanza, ananikabidhi kilichobaki mkononi mwangu kama anayemtuma mtoto dukani. Nikirudi darasani nawafundisha watoto mfuatano wa namba, ule wa kuongeza kiasi kilekile kila hatua, na mfano uliomo kitabuni ni wa mshahara wa mtu unaopanda kila mwaka. Niliubadilisha mfano. Nikatumia viti ukumbini.

Daraja E nililipata Julai 2021. Nakumbuka nilifungua slipu kwenye simu saa tano usiku, nimekaa kitandani, nikamwamsha mume wangu anisomee nisije nikawa nimekosea tarakimu. Mwaka ule pia ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa elimu ya juu iliondolewa, na kodi ya ngazi ya chini ikashushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Nilifurahi na nilishukuru, na bado nashukuru. Mei Mosi ya 2023 kule Morogoro ikatangazwa kurudishwa kwa nyongeza ya mwaka. Yangu ilikuwa 19,000. Julai 2024 nikapanda F.

Nilimwonyesha kijana safu ya pembeni ya jedwali ambayo niliiongeza mwaka jana kwa kalamu nyekundu. Kuanzia Julai 2018 hadi Juni 2021 nilitakiwa, kwa mpango wangu, niwe E; nikabaki D. Tofauti 224,000 mara miezi 36 ni 8,064,000. Kuanzia Julai 2021 hadi Juni 2022 nilitakiwa niwe F nikawa E: 295,000 mara 12, ni 3,540,000. Miaka miwili iliyofuata, kwa viwango vipya, 290,000 mara 24, ni 6,960,000. Jumla 18,564,000. Hapo sijagusa nyongeza za mwaka zilizosimama. Nyumba yangu mpaka leo imeishia kwenye lenta. Fundi aliyeijenga amekwisha kujenga mbili nyingine hapo jirani, zikaezekwa, zikahamiwa.

Najua atatokea mtu wa kunijibu kwamba kupanda daraja si haki ya moja kwa moja, kunategemea bajeti na ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na tathmini ya kazi. Ni kweli, na ndivyo kanuni zinavyosema. Lakini basi kijana anapoajiriwa aambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa maandishi na kwa miaka. Anayeripoti kazini leo anajazishwa fomu nyingi: ya benki, ya mfuko, ya bima, ya siri za serikali. Hapewi hata ukurasa mmoja unaomwambia: katika halmashauri hii walimu walioajiriwa daraja D mwaka fulani walifika E baada ya miaka mingapi. Afisa utumishi anazo takwimu hizo, ziko kwenye mfumo. Mimi nilichukua miaka sita. Mwenzangu wa meza ya pili alichukua tisa. Kijana yeye ameandika mitatu kwa sababu hakuna aliyemwambia vinginevyo, na mtu wa benki hana sababu ya kumwambia.

Kuna jambo la pili ambalo hata watu wazima wenzangu hawalioni. Tunadhani cheo kikichelewa kimechelewa tu, kikija yamekwisha. Hayaishi. Mshahara wa miaka ya mwisho ndio unaopikiwa pensheni. Kanuni ya sasa inachukua miezi ya utumishi, inazidisha kwa mshahara wa mwaka, inagawa kwa 580. Kisha asilimia 40 unapewa kwa mkupuo ikizidishwa kwa 12.5, na asilimia 60 inakuwa ya kila mwezi. Mimi nitastaafu 2048 nikiwa na miezi 396. Chukua viwango vya sasa: nikistaafu nikiwa G mwanzo, 1,630,000, badala ya H mwanzo, 2,116,000, kwa sababu tu sikuifikia H kwa wakati, tofauti ni 486,000 kwa mwezi. Pitisha kwenye kanuni. Pensheni yangu itapungua shilingi 199,000 kila mwezi mpaka nife, na mkupuo utapungua karibu milioni 20. Nilipomfanyia kijana hesabu hiyo alinyamaza muda mrefu. Mimi ilinichukua wiki nzima kuizoea nilipoifanya mara ya kwanza.

Ndiyo maana suala la waliokwama kati ya 2016 na 2021 naona halijaisha, pamoja na hatua zilizokwisha kuchukuliwa. Wapo waliopandishwa kwa mserereko, wakarudishiwa nafasi zao, na ni jambo jema sana. Wapo wengi bado. Ofisini kwetu aliyeajiriwa 2012 na mimi wa 2015 tulipandishwa E mwezi mmoja, tukapanda F mwezi mmoja. Miaka yake mitatu imeyeyuka. Hadai malimbikizo ya fedha, anaomba tarehe tu: ahesabiwe kuanzia alipostahili, ili daraja linalofuata limfikie kabla ya miaka 60. Ana miaka 49.

Sijasahau kwamba wapo walio chini yetu. Mwalimu wa shule binafsi ya hapa mjini, rafiki yangu, ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila Desemba hajui kama Januari ataitwa. Ngazi ya kupanda kwake hata haijachorwa. Mama anayeuza machungwa pale stendi hana wa kumwongezea chochote isipokuwa msimu. Nayajua hayo, nanunua kwake. Lakini kwa kuwa sisi tuna ngazi iliyochorwa na serikali yenyewe, ikabandikwa ofisini, ndiyo maana tunaiamini na kukopa juu yake. Kijana asiyeahidiwa kitu hupanga kwa alichonacho mkononi. Aliyeahidiwa hupanga kwa alichoahidiwa.

Wala sikumwambia asitumaini. Ningekuwa mtu wa ajabu kumfungia mlango kijana aliyengoja miaka minne. Nilimwambia apange kwa mshahara wa Juni. Tulikaa mpaka magharibi tukipanga upya: milioni 13 ikashuka ikawa 4, miezi 84 ikawa 30. Kwa milioni 4 anaezeka jikoni na chumba cha mama yake kabla ya mvua za vuli, kiwanja kingoje. Alikuwa na huzuni kidogo, nami nilimwonea huruma, maana kiwanja chenyewe nilikwenda kukiona siku ya pili yake, ni kizuri, kina miembe miwili na barabara imepita mbele.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Bado wiki chache Julai iingie. Waandishi wako wana uwezo wa kuuliza wizarani ambao mimi sina. Waulizeni: kati ya kima cha chini na juu kabisa, kila daraja linaongezeka shilingi ngapi? Siyo asilimia, shilingi. TGTS B, C, D, E, F, G, H. Watumishi wa afya vivyo hivyo, na wa serikali za mitaa. Mkipata jibu lichapeni kwa jedwali, ukurasa wa mbele, kwa herufi zilezile mlizotumia kuandika 35.1. Kama jibu halijapatikana, andikeni kwamba halijapatikana, ili mtu asiende benki nalo. Na wakuu wa utumishi wanaosoma gazeti hili, walimu wapya wa mwaka huu wamekwisha kuripoti. Ukurasa mmoja wa kuwaeleza miaka halisi ya kupanda hauhitaji bajeti, unahitaji mashine ya kuchapa na rimu moja ya karatasi. Wakikosa rimu, mimi nitanunua ya halmashauri yetu.

Kijana na mimi tumekubaliana kwamba slipu ya Julai tutaifungua pamoja, hapa kwangu, siku itakapotoka. Mpaka hapo fomu yake ya benki iko ndani ya kaunta buku langu, kwenye ukurasa wa jedwali, haijatiwa sahihi. Karatasi yake ya mistari aliichukua. Alipofika mlangoni alirudi, akaniomba ufutio, akafuta mstari wa 2028 akiwa amesimama, akaacha nafasi wazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati,
Muheza, Tanga.
Juni 2025